Rivasi Iliyopotea Baada ya Geaboksi Kufungwa Upya: Uchambuzi wa Kisa cha Hilux Surf

Gari lilipoletwa kwenye gereji yetu ya Tabata, Dar es Salaam, mwenyewe hakuliingiza ndani. Aliliegesha nje, pua ikitazama barabarani, kwenye kimwinuko kidogo kilichopo mbele ya duka la jirani. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba kwa muda wa wiki tatu amekuwa akitafuta mahali penye mwinuko kila anapokwenda, ili akitaka kurudi nyuma aweke N, yaani gia huru, aachie breki na gari lishuke kwa uzito wake. Ni mwalimu mstaafu, mtu mzima wa kuheshimika, na pale ambapo hakupata mwinuko alikuwa akiomba vijana wa bodaboda wamsukume.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux Surf yenye injini ya petroli ya 5VZ-FE, silinda sita, lita 3.4, na geaboksi ya otomatiki ya gia nne ya jamii ya A340 iliyotengenezwa na Aisin. Jamii hii ya geaboksi imetumika katika Toyota nyingi zinazovuta kwa magurudumu ya nyuma, na Jeep Cherokee za zamani ziliitumia pia kwa jina la AW4, kwa hiyo fundi wa hapa kwetu atakutana nayo mara kwa mara. Geaboksi ya Mwalimu ilikuwa imeshushwa katika gereji nyingine kwa sababu ilikuwa ikiteleza inapopandisha gia. Ilifumuliwa, ikawekewa sahani mpya za klachi na seti mpya ya sili na oringi, yaani pete za mpira za kuzuia oili isivuje, ikapandishwa. Tangu siku ile gari lilikwenda mbele vizuri kuliko lilivyokuwa kwa miaka miwili, lakini rivasi, yaani gia ya kurudi nyuma, haikuonekana tena.

Aliporudi kulalamika, oili ilibadilishwa. Aliporudi mara ya pili, solinoidi mbili za gia, yaani vali ndogo za umeme, zilibadilishwa. Mara ya tatu ilinunuliwa valvu bodi nzima iliyotumika, yaani kitengo cha vali kinachogawa oili ndani ya geaboksi, ikafungwa, na rivasi ikabaki vilevile. Vyote hivyo alivilipa yeye. Naeleza jambo hili si kwa nia ya kumsema fundi mwenzangu, bali kwa sababu vifaa hivyo vitatu vinaonyesha mahali ambapo uchunguzi ulikosa njia: kila kimoja kilibadilishwa kwa kubahatisha, ilhali gari lenyewe lilikuwa na majibu tayari kwa mtu ambaye angeliuliza kwa utaratibu.

Kabla sijagusa spana nilikaa na Mwalimu ofisini, nikamwomba anisimulie kila kitu, hata yale anayoyaona hayana maana. Nilimuuliza kama rivasi ilikufa moja kwa moja au kuna wakati inajaribu. Akasema asubuhi na mapema, injini ikiwa ya baridi, akiweka R gari hutikisika na kurudi kwa hatua mbili tatu, kisha huachia, na baada ya kutembea kidogo haijaribu tena kabisa. Halafu akaongeza jambo moja kana kwamba anaomba radhi kwa kunipotezea muda.

"Fundi, sijui kama hili linahusika. Wiki iliyopita nilikwenda Iringa. Pale mlima Kitonga wakati wa kushuka niliweka 2, gari likashikwa vizuri. Nilipofika kwenye kona kali nikaweka L, mwendo ulipopungua gari likaachia kama nimeliweka N. Ilibidi nikanyage breki mpaka chini."

"Linahusika sana, Mwalimu," nilimwambia. "Na nakuomba usishuke tena Kitonga na gari hili mpaka tulimalize."

Maneno yale ya Kitonga yalikuwa na uzito kuliko valvu bodi aliyonunuliwa, na ili msomaji aone kwa nini, sina budi kueleza rivasi inavyopatikana ndani ya geaboksi hii.

A340 ina klachi na breki za sahani ambazo mafundi tunaziita kwa herufi na namba kama zilivyo katika vitabu vya Toyota. Gia ya kwanza katika D, nafasi ya kwenda mbele, hupatikana kwa klachi ya mbele C1, ikisaidiwa na F2, ambayo ni klachi ya upande mmoja: hukataa kuzunguka upande mmoja na huachia upande wa pili, kama gurudumu la nyuma la baiskeli. Gia ya pili huongeza breki B2. Gia ya tatu huongeza klachi C2. Rivasi haitumii C1 hata kidogo. Inahitaji C2, ambayo huzungusha gia ya katikati, pamoja na breki B3, ambayo hushika kibebeo cha gia ndogo za nyuma kisizunguke. Kibebeo kikishikwa, gia ndogo hugeuza mzunguko, na gari hurudi nyuma. Kimoja kati ya viwili hivi kikikosekana, hakuna rivasi, injini itanguruma tu. Kitengo cha ovadraivu, yaani gia ya nne, kilichopo mbele ya geaboksi kinashiriki pia, lakini katika R kinafanya kazi ileile kinayoifanya katika gia ya kwanza hadi ya tatu, kwa hiyo gari linalokwenda mbele vizuri tayari limekitolea ushahidi.

Sasa, kibebeo hichohicho cha nyuma kinapaswa kushikwa katika gia ya kwanza pia, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Katika D, gia ya kwanza, kibebeo kinataka kuzunguka kinyume na injini, na F2 inakizuia yenyewe bila oili wala presha yoyote. Katika rivasi kibebeo kinataka kuzunguka upande uleule wa injini, upande ambao F2 huachia, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa B3 peke yake. Ndiyo maana B3 inaweza kuwa imekufa kabisa na gari likaendelea kuondoka mbele kwa nguvu bila dalili yoyote. Mzigo nao haufanani. Uwiano wa gia ya kwanza katika A340 ni 2.804 na wa rivasi ni 2.393; ukipiga hesabu ya nguvu inayorudi kwenye kibebeo, katika gia ya kwanza ni kama mara 1.8 ya nguvu inayoingia, na katika rivasi ni kama mara 3.4. B3 inabeba karibu mara mbili ya kile ambacho F2 hubeba. Uvujaji mdogo ambao usingeonekana kwingine kokote utaonekana hapo.

B3 ina kazi moja nyingine. Mkono wa gia ukiwa L, katika gia ya kwanza, B3 hushika kibebeo ili injini iweze kulizuia gari wakati wa kuteremka, kwa sababu dereva akiachia mafuta kibebeo hugeukia upande ambao F2 huachia. Katika 2, kizuizi cha injini hupatikana kwa njia nyingine kabisa, yaani breki ya mkanda B1. Kwa hiyo Mwalimu aliposema kwamba 2 ilimshika na L ikamwachia, alikuwa ametofautisha B1 na B3 kwa ustadi ambao fundi aliyetangulia hakuutumia, na alifanya hivyo kwenye kona za Kitonga huku roho ikiwa mkononi.

Hata hivyo maneno ya dereva ni mwanzo tu, na fundi anapaswa kuthibitisha mwenyewe. Nilianza na yale ambayo hayahitaji kufungua kitu. Oili niliipima geaboksi ikiwa ya moto, injini ikiunguruma taratibu, baada ya kupitisha mkono wa gia katika nafasi zote na kuurudisha P, kwa sababu geaboksi iliyotoka kufumuliwa mara nyingi hujazwa pungufu, kwa vile toki konveta, kiungo cha oili kati ya injini na geaboksi, ikiwa imemwagwa hunywa oili nyingi kuliko watu wanavyodhani, na upungufu wa oili hupenda kuonekana mapema kwenye rivasi. Kipimo kilikuwa sahihi, oili ilikuwa nyekundu na haikunuka kuungua. Taa za nyuma za rivasi ziliwaka mkono ulipofika R. Ili kuondoa shaka ya kebo ya mkono wa gia kutorekebishwa vizuri, niliichomoa pale chini na kugeuza kishikizo cha geaboksi kwa mkono: mwisho kabisa ni P, hatua moja kutoka hapo ni R, hatua ya pili ni N. Katika R iliyo kamili, bila kebo, gari halikurudi. Na kwa kuwa N, D, 2 na L zilijibu kila moja mahali pake, vali ya mkono ndani ya valvu bodi ilikuwa imeshikana na pini yake na inatembea.

Kuna swali moja ambalo lazima liulizwe mapema, nalo ni hili: je, gari halirudi kwa sababu linateleza, au kwa sababu limefungwa? Klachi ya mbele C1 ikiwa imegandana au imefungwa bila nafasi, gari litatambaa mbele hata katika N, na ukiweka R gia mbili zitashindana ndani, injini italemewa na huenda ikazimika. Mtu asiyejua ataita hali zote mbili "haina rivasi" na atatafuta ugonjwa usiokuwepo. Gari la Mwalimu lilitulia katika N kwenye sakafu tambarare hata injini ilipoongezwa mafuta. Katika R injini ilipanda mwendo bila kulemewa na kitu. Kwa hiyo ni kuteleza. Oili haifiki, au inafika na kuvuja, au sahani hazishikani.

Muda wa kushika nao ni kipimo kizuri kinachohitaji saa tu. Vitabu vya Toyota vinataka kutoka N kwenda D mshtuko usikike kabla ya sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R kabla ya sekunde 1.5. D ilishika mara moja. R, injini ikiwa ya baridi asubuhi iliyofuata, ilichukua karibu sekunde nne na ikashika kwa unyonge. Ikiwa ya moto haikushika. Kipimo cha kukanyaga mafuta yote breki zikiwa zimeshikwa sikukifanya katika R, ingawa kimo vitabuni na hakizidi sekunde tano, kwa sababu kama B3 ingali na sahani nzuri sikuona haki ya kuziunguza ili kuthibitisha jambo ambalo lingejulikana kwa njia ya upole zaidi.

Tofauti hiyo ya baridi na moto ilinifikirisha kuliko vipimo vyote vya mwanzo. Kama fundi aliyetangulia angesahau kabisa sahani moja au kuipanga vibaya, joto lisingebadilisha mengi. Oili ya baridi ni nzito na hupita kwa taabu kwenye mwanya mdogo, kwa hiyo presha kidogo hujengeka nyuma ya pistoni. Ikipata moto huwa nyepesi na hukimbia. Rivasi inayojaribu asubuhi na kufa mchana inazungumza habari za uvujaji.

Kisha nilichomoa soketi ya waya za solinoidi na kwenda kuliendesha gari barabarani. Hiki ni kipimo ambacho natamani kila fundi wa otomatiki akizoee, kwa kuwa kinatenganisha umeme na mambo ya ndani kwa dakika kumi. Katika A340 waya zikiwa zimechomolewa, D hutoa ovadraivu, 2 hutoa gia ya tatu, L hutoa gia ya kwanza, na R inatakiwa kutoa rivasi kama kawaida. Solinoidi hazihitajiki kupata rivasi katika geaboksi hii, na zile mbili alizonunuliwa Mwalimu hazikuwa na namna ya kuirudisha. Niliweka 2, gia ya tatu ikaja na kuvuta bila kuteleza. Niliweka L, nikaondoka kwa gia ya kwanza, nikafika kwenye mteremko mfupi na kuachia mafuta. Mshale wa mwendo wa injini ulianguka mpaka chini kabisa na gari likaserereka. Kile alichokiona Kitonga nilikiona Tabata.

Hapo B3 ilikuwa imeshatajwa na mashahidi wawili. C2 ilikuwa imepata utetezi kutoka gia ya tatu, lakini sikuiachia huru bado, na naomba fundi anayesoma azingatie hili. Katika gia ya tatu C2 hugawana mzigo na C1, ilhali katika rivasi hubeba nguvu yote inayoingia peke yake. C2 iliyodhoofika inaweza kupita mtihani wa gia ya tatu na kuanguka ule wa rivasi. Gia ya tatu nzuri inapunguza shaka, haiiondoi.

Nilifunga geji ya presha kwenye tundu la kupimia lililoko ubavuni mwa geaboksi. Kwa kawaida presha ya R ni kubwa kuliko ya D, kwa sababu ya mzigo niliokwisha kuueleza. Katika D, injini ikiunguruma taratibu, sindano ilisimama kwenye psi 60 hivi na kutulia. Katika R ilitakiwa ipande. Ilishuka mpaka 40 na ushee, ikawa inatetemeka. Presha ikiwa ndogo katika nafasi zote, mtu atazame pampu, chujio, vali ya kurekebisha presha au kebo ya pedali ya mafuta inayoingia kwenye geaboksi. Presha ikianguka katika R peke yake, pampu haina kesi ya kujibu; njia ya oili ya R inavuja, na njia hiyo inaishia kwenye C2 na B3.

Nilimwita Mwalimu, nikamwonyesha sindano ya geji ikishuka mbele ya macho yake, kwa sababu sasa nilikuwa naelekea kumwambia habari ambayo hakuna mwenye gari anayeitaka. Valvu bodi ilikuwa imeshabadilishwa bila mabadiliko yoyote, kwa hiyo uwezekano mkubwa ulikuwa uvujaji ndani ya geaboksi yenyewe, na maana yake ni kuishusha tena.

"Lakini kabla sijaishusha," nilimwambia, "nitafungua sampo, lile bakuli la oili la chini, na kuitoa valvu bodi, nipulize upepo. Upepo ukinionyesha nimekosea, sitaishusha."

Alikubali. Sampo ilipofunguliwa sumaku zake zilikuwa na unga laini wa kijivu tu, wa kawaida kwa sahani mpya, bila vipande vya chuma. Vibomba vya oili vilivyo chini ya valvu bodi vilikuwa vimekaa vizuri mahali pake, jambo ambalo inafaa kulitazama kila mara kwa kuwa hupindwa kirahisi na mtu anayevichokonoa kwa bisibisi. Valvu bodi ikitolewa, tumbo la geaboksi hubaki wazi na matundu ya oili huonekana, kila tundu likienda kwenye klachi au breki yake, kama yanavyoonyeshwa kwenye mchoro wa kitabu. Nilitumia kompresa yenye upepo mkavu, kwa psi 60, na ncha ya mpira inayoziba tundu.

Tundu la C2 lilijibu kwa mshindo mzito, "dup", na nilipoachia pistoni ikarudi. Nilirudia mara tatu, mara zote mshindo uleule, na upepo haukuvuja kwa kiasi cha kutia shaka. Tundu la C1, mshindo. Nilipofika tundu la B3 hakukuwa na mshindo. Kulikuwa na mlio mwembamba wa upepo unaokimbia, "ssss", ukitokea sehemu ya nyuma kabisa ya tumbo la geaboksi, na matone ya oili yakarushwa mpaka kwenye mkono wangu. Nilisogeza sikio karibu nikamwomba kijana wangu apulize tena. Mlio haukubadilika. Pistoni ya B3 ilikuwa haisogei, na upepo ulikuwa ukipita ubavuni mwake.

Siku hiyohiyo nilimpigia simu fundi aliyeifunga geaboksi ile, ambaye namba yake Mwalimu alikuwa nayo. Nilimwambia, "Kaka, geaboksi ya Mwalimu naishusha kesho. Njoo tuifungue pamoja." Nilifanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, yeye ndiye aliyejua alichokifunga na kwa mpangilio gani. Pili, jambo la namna hii mtu akilisikia kwa kuambiwa tu hubaki na kinyongo, lakini akiliona kwa macho yake atalibeba mpaka mwisho wa kazi yake. Alikuja saa mbili asubuhi akiwa na boksi lenye sahani za zamani na zile solinoidi za mwanzo, ambazo kwa uungwana wake hakuzitupa.

B3 iko chini kabisa ya geaboksi. Ili kuifikia unatoa pampu, kitengo cha ovadraivu, klachi za mbele, mkanda wa B1, mkusanyiko wa B2, kisha gia za nyuma pamoja na sahani za B3 na shafti ya kutokea. Hapo ndipo unakutana na chemchemi za kurudisha pistoni, zikiwa zimekandamizwa na pete inayozifunga, na chini yake pistoni mbili na mkono wa duara ulio katikati yake, vyote vikiwa na oringi. Kijana huyo aliyeifunga alieleza kwa ukweli kwamba hakuwa na kifaa cha kukandamizia chemchemi zile, kwa hiyo alitumia bomba na kugonga kwa nyundo ya mpira huku mwenzake akiingiza pete. Nilimuuliza kama alipaka kitu kwenye oringi kabla ya kuingiza pistoni. Alifikiri kidogo, akasema alizifuta zikawa kavu ili zisiwe na uchafu.

Tulizitoa pistoni kwa kupuliza upepo polepole. Oringi ya nje ya mojawapo ilikuwa imejikunja na kutoka kwenye mfereji wake kwa urefu wa kama kidole gumba, na pale ilipotoka ilikuwa imekatwa. Kipande chake tulikikuta kimenata ukutani mwa silinda: utando mweusi wa mpira, mwembamba kama ukucha uliokatwa, umepinda kama mwezi mwandamo. Kijana alikiokota, akakiweka kwenye kiganja, akakitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Ukuta wa silinda haukuwa na mkwaruzo, na hilo lilikuwa jambo la kushukuru, kwa sababu silinda ya B3 imo ndani ya boksi lenyewe la geaboksi na mkwaruzo mkubwa ungemaanisha kutafuta boksi jingine.

Sahani za B3, ambazo zilikuwa mpya wiki tatu tu nyuma, zilikuwa zimeanza kung'aa na kubadilika rangi kwa kule kujaribu kwa asubuhi, zikishika nusu na kuteleza. Tulizibadilisha zote. Vitabu vinataka sahani mpya zilowekwe kwenye oili kwa robo saa angalau. Mimi huzilaza usiku kucha. C2 tuliifungua pia, maana tulikuwa tumeshafika, na sili zake zilikuwa salama, kama upepo ulivyosema. Oringi zote za B3 ziliwekwa mpya, na kabla ya kuziweka nililinganisha kila moja na ile ya zamani kwa unene na kwa mduara, kwa kuwa seti nyingi zinazouzwa hubeba oringi za aina zaidi ya moja ya geaboksi na mbili huweza kukaribiana sana kwa macho. Zilipakwa mafuta ya mgando, yale ya kawaida ya kupaka mwilini yasiyo na manukato, ambayo huyeyuka ndani ya oili ya geaboksi bila madhara. Grisi ya magurudumu haiyeyuki hivyo na inaweza kuziba vijitundu. Pistoni iliingizwa kwa mikono, ikisukumwa sawasawa pande zote, bila nyundo. Chemchemi zilikandamizwa kwa kifaa chake.

Pete ilipofungwa na sahani kupangwa, kabla ya kurudisha kitu kingine chochote, nilimpa kijana bunduki ya upepo. Alipuliza tundu la B3. "Dup." Akapuliza tena, akapuliza mara ya tatu. Kipimo hiki kinachukua chini ya dakika moja, na kama kingefanywa wiki tatu nyuma wakati geaboksi iko mezani, Mwalimu asingenunua kitu chochote zaidi. Nafasi ya sahani tulipima kwa geji ya unene, ikawa ndani ya kiwango cha kitabu. Tuliendelea kupanda juu, kila klachi ikipulizwa inapofungwa, na mwishoni, kabla ya valvu bodi, tulirudia matundu yote kwa pamoja. Valvu bodi tuliyoirudisha ni ile ya gari yenyewe, iliyokuwa imekaa gereji ya kwanza, baada ya kuisafisha na kuikagua. Ile ya kununuliwa pamoja na solinoidi zake ilifungwa kwenye boksi, na kijana akasema atazirudisha dukani au atamlipa Mwalimu fedha zake. Walikubaliana wenyewe pale pale mbele yangu.

Geaboksi ilipopandishwa na kujazwa oili, geji ilifungwa tena. D ilisoma kama mwanzo. R ilipanda na kupita D, ikatulia bila kutetemeka. Muda wa kushika ulikuwa sekunde moja na kidogo, geaboksi ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto. Tulizunguka nalo barabarani kwa saa nzima mpaka oili ikapata joto kamili, tukarudi kwenye ule mteremko mfupi, nikaweka L na kuachia mafuta. Injini ilinguruma na gari likazuiwa kama limefungwa kamba. Nilimpa kijana usukani naye akalirudia jambo hilo mara mbili.

Mwalimu alikuja kulichukua jioni. Gari lilikuwa ndani ya gereji, pua ikitazama ukuta, na nyuma yake kulikuwa na gari jingine upande mmoja na nguzo upande mwingine. Aliingia, akawasha, akaweka R na kusubiri kidogo kwa mazoea ya wiki tatu, mguu ukiwa bado kwenye breki. Alipoiachia, gari lilianza kurudi lenyewe, taratibu, mpaka likatoka nje ya geti. Nilimwomba alirudishe baada ya kilomita 1,000 ili nifungue sampo na kutazama sumaku. Alilirudisha baada ya safari moja ya Iringa, kwenda na kurudi. Sumaku zilikuwa na unga uleule mwembamba wa kijivu, na oili ilikuwa nyekundu.